Kliniki Iliyochunguza Kabla ya Kutibu: Tiba ya Jino la Mbele Linaloliwa kwa Ndani

Kliniki hii ya meno, iliyoko Upanga jijini Dar es Salaam, ilinitibu jino la mbele la juu lililokuwa na doa la rangi ya waridi karibu na fizi, ingawa haliumi hata kidogo. Kliniki nyingine niliyoanzia ilisema jino limeoza na ikataka kulichimba na kuliziba siku hiyohiyo.

Hapa Upanga daktari alianza kwa kuuliza iwapo jino liliwahi kugongwa, kufungwa nyaya za kunyooshea meno au kung'arishwa kwa dawa, kwa sababu mambo hayo yanaweza kusababisha mwili uanze kuula mzizi wa jino lake wenyewe. Nilikumbuka kuanguka na baiskeli nikiwa shuleni. Akaligusa jino kwa pamba yenye baridi kali, nami nikaihisi, jambo lililoonyesha kuwa kiini, yaani nyama laini yenye neva ndani ya jino, bado kina uhai. Kisha alipiga eksirei mbili, ya pili mashine ikiwa imesogezwa pembeni, akanionyesha zote kwenye skrini: kivuli cha mviringo, yaani sehemu iliyoliwa, kilibaki katikati ya mfereji wa mzizi katika picha zote mbili, ilhali shimo la upande wa nje lingeonekana kuhama; kwa hiyo jino lilikuwa likiliwa kwa ndani. Hata hivyo aliagiza picha ya pande tatu, ili ajiridhishe kwamba ukuta wa mzizi haujatoboka.

Matibabu yenyewe, kwa ganzi, hayakuuma. Kiini kiliondolewa, kwa kuwa ndicho kinachozilisha seli zinazokula jino. Mfereji ukaoshwa kwa dawa iliyotikiswa na kifaa chembamba cha mtetemo, kwani vyombo vya kawaida havifiki kwenye vipembe vya shimo lililoliwa. Jino likafungwa kwa muda likiwa na dawa ya kalsiamu ndani, na baadaye likajazwa gatapacha (nyenzo kama mpira ya kujazia mizizi ya meno) iliyolainishwa kwa joto, ambayo huingia hadi kwenye vipembe hivyo. Daktari alikuwa mwangalifu pia katika kuchagua saruji ya meno, maana baadhi yake hulitia jino ukijivu, na kwa jino la mbele hiyo si kasoro ndogo.

Lawama yangu ni kwa mapokezi. Picha ya pande tatu hupigwa kituo kingine, na gharama yake sikutajiwa mpaka nilipofika huko. Mgonjwa aulize bei zote, na iwapo bima inazilipia, kabla ya kupewa miadi ya pili.