Mota za 2207 hapa Arusha: anza na zile namba nne, KV baadaye

Mota hizi za 2207, KV 1750 (KV ni kipimo cha kasi, nitakieleza chini), nimezirusha kiangazi chote kwenye droni ya propela za inchi 5, na nazipendekeza bila kusita. Ila napenda mnunuzi ajue anachonunua. Kwenye magrupu ya WhatsApp swali la kwanza huwa "KV ngapi?", na muuzaji mmoja alinishikilia kabisa kwamba KV kubwa ndiyo nguvu. Sivyo.

Nguvu zitafute kwenye zile tarakimu nne, yaani 2207. Mbili za kwanza ni kipenyo cha stata, kile chuma cha ndani kisichozunguka, kilichozungushiwa waya wa shaba. Mbili za mwisho ni kimo chake. Vyote ni milimita. Nilifungua skrubu ya chini, nikachomoa ganda lenye sumaku (linang'ang'ania kwelikweli), nikaweka kalipa: 22 kwa 7, sawasawa. Pima chuma chenyewe, usihesabu shaba iliyotokeza juu na chini. Na uwe macho na mota zilizoandikwa 2830. Mtu huona dubwana, kumbe wamepima ganda la nje. Stata yake ni kama ya 2212.

Jamaa yangu wa Moshi anatumia 2306. Kwa hesabu ya ujazo, stata yake ni kama milimita za ujazo 2,490, yangu 2,660. Tofauti ndogo. Ukizipata hizo kwa bei nzuri, chukua.

KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo. Kazi yake ni kuoanisha mota na betri. Betri yangu ina seli 6, volti 22.2, zidisha kwa 1750 unapata karibu mizunguko 38,900. Mwenye seli 4, volti 14.8, akifunga KV 2450 anafika karibu 36,300. Hawapishani sana, ila yeye anavuta ampea nyingi zaidi kwa kazi ileile, na waya na ESC (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota) zinachemka. Hiyo 2450 ukiipa seli 6 na propela zilezile, jiandae kuunguza koili.

Halafu kuna mwinuko. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi kuliko Tanga, kwa hiyo propela inabidi izunguke kasi zaidi ili kubeba uzito uleule. Nabeba kamera juu, ndiyo maana sikutaka stata ndogo ya 2205.

Kinachonikera ni kwamba mota hizi chini ziko wazi. Udongo wetu wa volkano, huku Ngaramtoni hasa, una chembe nyeusi za chuma zinazoganda kwenye sumaku, na nafasi kati ya sumaku na stata ni nyembamba mno. Ukizungusha ganda kwa kidole unasikia mkwaruzo. Kupuliza hakusaidii, bandika seloteipu kwenye sumaku, ivute, zinatoka nayo. Siku hizi natandika turubai kabla ya kuruka.

Skrubu za kuzifungia kwenye fremu, za M3 (unene milimita 3), zinakuja za urefu wa aina mbili. Mkono wa fremu ukiwa mwembamba, tumia fupi, kwa sababu ndefu inafika kwenye koili na kupiga shoti. Seti ijayo nitaagiza hizihizi, KV ileile.