Cameo, Cricut au ScanNCut? Mashine za kukata kwa wajenzi wa modeli za karatasi

Matangazo ya mashine hizi, zinazokata karatasi kwa bladi inayofuata mchoro, hujisifu kwa nguvu. Cricut Maker hunadiwa kwa mgandamizo wa kilo 4, na kishikio cha pili cha bladi cha Silhouette Cameo 4 hufika kilo 5. Mjenzi wa modeli za karatasi hahitaji kilo hizo. Manila ya gramu 160 hadi 250 kwa mita ya mraba hukatika vizuri kwa kishikio cha kwanza cha Cameo 4, ambacho mwisho wake ni mgandamizo wa gramu 210. Kinachomtoa jasho ni kwingine: bladi kupita juu kabisa ya mstari uliochapwa, mikunjo kukaa mahali pake bila kuichana karatasi, na programu kukubali michoro iliyotengenezwa nje yake. Ukipima hivyo, Cameo, au mdogo wake Portrait mwenye upana wa inchi 8, ndiyo ya kununua kwanza. Cricut Maker inaishinda kwenye mikunjo lakini programu yake inaturudisha nyuma. Brother ScanNCut ina kazi yake maalumu, na nje ya kazi hiyo ni ghali bure.

Tuanze na programu, maana ndiko wengi wanakokwama kabla hata bladi haijagusa karatasi. Silhouette Studio ya bure, programu ya Cameo na Portrait, hufungua DXF (faili la michoro ya mistari), PNG na JPEG. SVG (nalo faili la michoro ya mistari) na PDF zinataka leseni ya kulipia ya Designer Edition, na mtu wa modeli atajikuta anailipia mapema kuliko alivyopanga. Asiyetaka kulipa anaweza kutumia inkscape-silhouette, kiendelezi kinachotuma mchoro kutoka Inkscape, programu ya bure ya kuchora, moja kwa moja hadi kwenye mashine. Uzuri wa Studio ni kwamba kila rangi ya mstari inaweza kupewa kazi yake: bluu kwa mikunjo, kijani kwa madirisha na matundu ya ndani, nyekundu kwa mzingo wa nje, kila moja na nguvu yake, kwa mpangilio huohuo. Mpangilio huo si pambo. Kipande kikishakatwa mzingo wa nje hushikiliwa na gundi ya mkeka unaobeba karatasi peke yake, na bladi ikirudi kukata dirisha la milimita 4 katikati yake, kipande husogea.

Design Space, programu ya Cricut, hupokea SVG bila malipo, na hapo inaizidi Studio. Lakini haielewi mistari ya nukta: mkunjo uliochorwa kwa vistari vilivyokatika huingia kama mstari mzima, na usipoubadilisha kuwa mstari wa kukandamiza, utakatwa wote. Halafu kuna mtego wa pili. Usipobofya Attach, kitufe cha kufunga vipande pamoja, programu hupanga upya vipande kwa rangi zao, na mistari ya mikunjo inaweza kujikuta kwenye mkeka mwingine kabisa, mbali na kipande chake. Kila mtu huangukia hapo mara ya kwanza. Kwa kazi ya kuchapa kwanza kisha kukata, picha inapitishwa Flatten, yaani inafanywa picha moja ya kuchapwa, ndipo mistari ya mikunjo iunganishwe nayo kwa Attach.

Kwa mashine yoyote ile, kabla ya kuleta modeli, leta mraba wa milimita 100, ukate, uupime kwa rula. Ukitoka milimita 133 au 75, programu mbili zinagombana kati ya nukta 72 na 96 kwa inchi. Ukitoka 106.7 au 93.75, kuna faili ya Inkscape ya zamani iliyohesabiwa kwa nukta 90, kama ilivyokuwa kabla ya toleo la 0.92. Rekebisha kipimo wakati wa kuingiza faili, usikikisie kwa kuvuta pembe kwa macho. Modeli yenye kosa la asilimia 1 itajengeka. Tatizo ni pale sehemu moja inapotoka kwenye faili moja na nyingine kwenye faili lenye kipimo tofauti: bawa halitaingia kwenye mwili wa ndege.

Michoro inayotoka Pepakura Designer au kwenye kiendelezi cha Blender kiitwacho Export Paper Model, ambazo hukunjua umbo la 3D kuwa vipande bapa vya karatasi, ina ugonjwa wake. Mzingo mara nyingi huja kama vijistari vingi visivyounganika. Bladi ya kawaida ya mashine hizi haizungushwi na mota. Ncha yake iko pembeni kidogo ya mhimili, nayo hujigeuza yenyewe inapoburutwa. Kila inapoinuliwa na kushushwa, huanza ikiwa imeelekea ilikokuwa inaenda mara ya mwisho, na kabla haijakaa sawa huacha kijikulabu kidogo kwenye karatasi. Mzingo wa vijistari 60 una nafasi 60 za kuacha kulabu hizo, na pembe hutoka na manyoya. Dawa ni kuunganisha nukta ziwe njia moja iliyofungwa, kufuta mistari iliyolaliana pale vipande viwili vinapopakana, kisha kuwasha mpangilio wa kukata kupita pembe kidogo ili pembe zifunge. Ndani ya Pepakura, ficha pia mikunjo iliyo karibu na bapa. Mkunjo wa digrii 2 hausaidii umbo, unadhoofisha karatasi tu.

Sasa kuchapa na kukata, ambako ndiko mashine hizi hupimwa kweli. Studio huchapa alama za kulinganishia kwenye pembe za ukurasa, yaani mraba mweusi mmoja na pembe mbili za mistari, kisha kihisi cha mashine huzisoma na kujua karatasi imekaa vipi. Alama hizo lazima zichapwe kutoka Studio yenyewe, kwa kipimo cha asilimia 100. Kitufe cha printa cha kutosheleza ukurasa ni adui wa kazi hii. Kwa toleo la bure lisilofungua PDF, toa picha ya ukurasa kama PNG ya nukta 300 kwa inchi na mistari kama DXF, zote mbili zikiwa na fremu ileile, tuseme milimita 180 kwa 240. Weka pembe za fremu juu ya pembe za fremu, hakikisha pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari zimelingana, kisha futa fremu.

Bladi ikipotea nje ya mstari, usikimbilie kurekebisha tarakimu. Chapa miraba midogo ya milimita 10 kwenye pembe nne na katikati, ikate, uitazame yote. Ikiwa imehama kiasi kilekile na upande uleule kila mahali, ni kalibresheni, yaani ulinganifu wa kihisi na bladi, na programu ina ukurasa wake wa kuisahihisha. Ikiwa kosa linakua kadiri unavyosogea kutoka kwenye alama ya kwanza, ni kipimo: printa imekuza au kupunguza, au karatasi yenyewe imenywea. Printa za leza hupitisha karatasi kwenye joto, unyevu hutoka, na karatasi hupungua kidogo. Iache ipoe na kurudi hali yake kabla ya kukata. Ikiwa miraba imezunguka kama iliyopinda, ama karatasi iliteleza, ama mkeka uliingia upande, ama kihisi kilisoma alama vibaya. Karatasi inayong'aa huongoza kwa tatizo hili la mwisho, kwa sababu mwanga hurudi kwenye kihisi. Kubandika kipande cha utepe usiong'aa, ule unaopitisha mwanga, juu ya alama huwa kunatosha.

Hata kalibresheni ikiwa nzuri, tegemea kosa la sehemu tatu za kumi hivi za milimita. Ndiyo maana karatasi za modeli zilizochorwa kwa ajili ya mkasi hazifai kama zilivyo. Mzingo wake mweusi mwembamba ukikatwa na kosa la milimita 0.3 huacha weusi upande mmoja na weupe upande wa pili. Ondoa mstari mweusi, tanua rangi ivuke mzingo kwa milimita 1 hadi 1.5, ndipo mashine ikate ndani ya rangi. Hii ni kazi ya saa kadhaa kwa modeli kubwa, na hakuna tangazo linaloitaja. Mtu anayejenga kila modeli mara moja tu, kutoka PDF za watu wengine, atafika haraka zaidi kwa kisu na rula ya chuma. Mashine inalipa unaporudia modeli ileile, unapochora zako mwenyewe, au unapokuwa na spoki za magurudumu, reli za meli na ngazi ndogondogo.

Kuhusu mikunjo, Cricut Maker inastahili sifa zake. Gurudumu lake la kukandamizia huacha mfereji safi kwenye manila ya gramu 250, na mkunjo hukaa bila kupasua wino. Kwenye Cameo njia ni tatu, na hazilingani. Ya kwanza ni kukata kwa vistari, milimita 1 kata na milimita 1 acha. Ni rahisi, lakini kwenye pembe inayoonekana utaona vitobo vyeupe kama mshono. Ya pili ni bladi kukata nusu ya unene. Mkunjo hutoka mkali kama wembe, ila kwa mkunjo wa mlima, unaotokeza nje, wino hufunguka na utambi mweupe wa karatasi hutokeza, hivyo utahitaji kalamu ya rangi kila ukingo. Ya tatu, iliyo bora, ni kuweka kwenye kishikio cha kalamu kifaa chenye ncha ya mviringo, au kalamu ya wino iliyokauka, na kuiendesha mara mbili juu ya mstari uleule. Kwa mkeka mgumu mfereji huwa hafifu, kwa sababu karatasi haina pa kuzama. Bado inatosha kwa gramu 160 hadi 200.

Mipangilio ya bladi: kwa karatasi ya gramu 80, kina 1, kwa manila ya gramu 200, kina 3, kila namba kwenye bladi ya Silhouette ikiwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Karatasi ya gramu 200 ina unene wa karibu milimita 0.25, kwa hiyo namba 3 inaivuka na kuukwaruza mkeka kidogo tu. Ukikuta mkeka una mifereji ya kuingiza ukucha, umezidisha kina, na bladi itakuwa butu mapema. Punguza kina kwanza, kisha cheza na nguvu. Kasi ishushe sana kwa chochote kilicho chini ya milimita 5. Vijiti vya upana wa milimita 1 kwenye manila ya gramu 200 hutoka salama, vya 0.7 vinataka bladi mpya, na chini ya hapo badili karatasi, tumia gramu 120 kisha uipake gundi nyepesi ikauke ngumu.

Kwa mbavu za ndani za meli, watu huuliza kama mashine itakata kadi ya kijivu ya milimita 1. Bladi ya kisu ya Cricut Maker hufika milimita 2.4, kwa hiyo ndiyo, kwa mapito mengi na vumbi la kutosha. Kwenye Cameo na bladi ya kawaida usijisumbue: kata nakala mbili kwenye kadi ya milimita 0.5 na uzibandike pamoja. Nafasi za kupachikana zitoke sawa na unene halisi uliopimwa baada ya gundi kukauka, si unene ulioandikwa kwenye pakiti.

ScanNCut ina skana ndani yake. Unaweka ukurasa uliokwisha kuchapwa, mashine inausoma, inachora mizingo na kukata, bila kompyuta. Kwa karatasi za zamani zisizo na faili, hakuna mshindani. Lakini mzingo unaotokana na picha huwa na mawimbi madogo kwenye mistari iliyopaswa kunyooka, na mashine haijui kipi ni mkunjo na kipi ni mapambo. Mikunjo utaitia kwa mkono.

Mkeka mpya wa gundi ya kawaida hung'ata karatasi na kuichana matabaka. Ununuapo, chukua wa gundi hafifu, na ukiwa na mkali, ubonyeze kwa nguo ya pamba mara kadhaa kabla ya kazi. Kazi ikiisha, geuza mkeka juu chini na uukunje utoke kwenye karatasi. Ukivuta karatasi kutoka kwenye mkeka, vipande hujiviringa na hakuna gundi itakayovinyoosha. Gundi ikipungua, osha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, brashi laini, na uache ukauke kwa hewa. Pamoja na mashine, agiza bladi mbili za akiba na mkeka wa pili. Bladi moja uitenge kwa kadi ya kijivu peke yake, kwani ikishakata kadi hiyo haitarudi kukata manila kwa usafi.