Mafuta ya Breki kwa Siku za Uwanjani: DOT 4 au DOT 5.1?
Kwa gari jepesi la michezo linalopelekwa kwenye uwanja wa mbio za magari mara chache, mafuta mapya ya DOT 4 (DOT ni madaraja ya mafuta ya breki) kwa kawaida hutosha, tena bei yake ni nafuu. Kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzijoto 230 za Selsiasi yakiwa makavu na 155 yakishanyonya unyevu, ilhali DOT 5.1 huanzia 260 na 180. Tofauti hiyo huhisiwa mguuni, pale mafuta yanapochemka, pedali ya breki ikalegea na kuzama ghafla kabla ya kona. Yote mawili hunyonya unyevu, kwa hiyo anayezembea kuyabadilisha hafaidiki na ya ghali. Anayekimbiza gari mara kwa mara atanufaika na 5.1, mradi asiyachanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni.