Chokaa iliyozimwa kwa udongo unaotitia: inafaa, ila si kila mahali

Chokaa iliyozimwa, ile ya unga mweupe inayouzwa kwenye mifuko, hunadiwa kama tiba ya kila udongo dhaifu. Nimeitumia chini ya sakafu na barabara ndogo, na naona inastahili sifa nyingi, ingawa si zote inazopewa.

Kwenye udongo wenye mfinyanzi wa kutosha, matokeo huonekana mapema. Bonge lililokuwa linanata kwenye koleo, likichanganywa na chokaa ya asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu, hukatikakatika na kuwa chembechembe ndani ya saa chache, na rola hupita bila kuganda tope. Hayo ni ya awali tu. Nguvu yenyewe huja polepole, kwa kuwa chokaa hupandisha pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya maji yaliyomo udongoni hadi karibu 12.4, silika na alumina, yaani madini yanayounda mfinyanzi, zikaanza kuyeyuka na kuungana na kalsiamu, na kuzaa gundi inayofanana na ya saruji. Kazi hiyo huendelea kwa wiki na hata miezi, mradi unyevu usipotee. Anayeruhusu magari mapema huilaumu chokaa bure.

Inaponiangusha ni kwenye udongo wa vumbi laini ulioletwa na upepo, ambao ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta, lakini ukilowa chini ya mzigo hutitia ghafla, kwa sababu chembe zake zimeshikwa na utando mwembamba wa mfinyanzi, chumvi au kaboneti, na katikati yake ni matundu matupu. Mfinyanzi ukiwa haba, chokaa haina cha kuungana nacho, na saruji hufaa zaidi. Tena, chokaa huishia pale mashine ya kuchanganyia inapofika, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30 kwa tabaka. Hatari ikiwa imeshuka mita 5, afadhali ile mbinu ya Mfaransa Louis Ménard, ya kudondosha uzito wa tani nyingi kutoka juu ili kuyabana matundu hayo.

Kabla ya kununua, pima salfeti, aina ya chumvi iliyomo udongoni: ikiwa nyingi, udongo uliotiwa chokaa huvimba na kuinua sakafu. Kagua na mifuko pia, maana chokaa iliyokaa wazi hufyonza kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa unga wa mawe usio na kazi.