Nilisonga ugali ndani ya tela kabla ya kulipa

Muuzaji wa tela la kulala alidhani ninatania. Nilifika Arusha na sufuria yangu, mwiko, kilo moja ya unga wa uwele na mtungi mdogo wa gesi, nikamwambia, "Kaka, kabla hatujaongea bei, naomba nipike humu ndani." Akacheka, akaita wenzake waje kuona. Nikapika. Ugali ulipoanza kukaza nikawa nimepata jibu langu: kiwiko hakikugonga ukuta, kichwa hakikugonga kabati, na jiko halikuhama mahali pake. Bei tuliipatana yeye akiwa anatafuna.

Mimi nanunua asali. Nyumbani ni Nkuhungu, Dodoma, lakini mvua zikishakatika, Mei hadi Julai, nashinda Itigi na vijiji vya ndani: Mitundu, Mgandu, hadi njia ya Rungwa. Asali inarinwa usiku. Gesti ziko mjini, na ukilala mjini, alfajiri unakuta aliyelala kijijini ameshabeba ndoo zote nzuri. Miaka sita nililala kwenye kiti cha Hilux, mdogo wangu kiti cha pili, mpaka mgongo ukaanza kudai haki zake. Ndiyo maana nikatafuta tela la kulala, lile ambalo wengine wanaita karavani: dogo, la magurudumu mawili, la kukokotwa na pikapu bila kuihenyesha.

Kabla ya hili nililonunua niliangalia mengine mawili.

La kwanza lilikuwa hapahapa Dodoma, lile la umbo la tone la maji, aina iliyoanza Marekani miaka ya 1930. Linapendeza, tusidanganyane. Unafungua mfuniko wa nyuma na jiko hilo hapo nje, mbele unalala. Lakini niliangalia mwezi wa nane, na anayeujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane anajua kitakachotokea kwenye mlenda uliopikwa uwanjani. Halafu ndani husimami, unaingia kwa kutambaa. Nilijaribu kufunga kitenge nikiwa nimelala chali, mwenye tela akageukia upande mwingine kwa adabu, nikamwambia asante baba, hili tuwaachie vijana.

La pili lilitoka Marekani kwenye kontena. Ndani lilikuwa kama nyumba ya maonyesho: sofa, meza, sinki, hata bafu. Lakini mlango ulikuwa upande wa kulia. Huko kwao magari yanapita kulia, kwa hiyo mlango unatazama ukingo wa barabara. Kwetu tunapita kushoto, maana yake ukisimama kando ya lami na kufungua mlango, unashukia njiani, malori ya Rwanda yanakupitia puani. Soketi zake zilikuwa za volti 120 na umeme wetu ni 230. Mdomo wa kufungia kwenye pikapu ulikuwa wa inchi mbili, yaani milimita 50.8, na kichwa cha kuvutia, ile tufe ya chuma iliyoko nyuma ya Hilux yangu, ni cha milimita 50. Tofauti hiyo ndogo kuliko punje ya mtama inatosha kufanya mdomo ucheze na siku moja uchomoke. Na kitanda kilikuwa ni ileile meza: kila jioni unaishusha, unapanga mito, asubuhi unapandisha. Aliyerudi saa nane za usiku kutoka kwenye mizinga hana mkono wa kupanga mito.

Hili langu ni la Afrika Kusini, lilishatumika, nimelilipia milioni 14. Ndani lina urefu wa mita 2.9, upana mita 1.75, na kimo mita 1.8. Mlango uko kushoto, mbele. Kitanda kimelala kwa urefu wa tela, upande wa kulia hadi nyuma, nacho hakikunjwi, hakigeuki kuwa kitu kingine chochote. Na hapa ndipo nilipolipendea: godoro la nne kwa sita, la kawaida kabisa la dukani, linaingia bila kukatwa. Waliopanga kitanda kwa upana wa tela wanakupa kitanda kifupi kuliko godoro, na anayelala ndani ukutani akitaka kwenda haja lazima ampande mwenzake kama ukuta. Kwetu mimi na mdogo wangu, wa nje anashusha miguu kwenye njia, wa ukutani anashukia miguuni pa kitanda. Njia yenyewe ina sentimita 53 tu, hampishani, lakini mmoja anapita bila kujibana.

Jiko liko mbele kabisa, plate mbili za gesi kwenye meza inayofika kiunoni. Watu wa matela hawasemi, lakini urefu wa meza ni jambo zito kwa sisi tunaosonga. Meza ya kifuani haikupi nguvu ya mwiko. Yapo matela yenye jiko la kuvutwa kama droo, limening'inia kwenye reli mbili. Kahawa litakuchemshia, lakini ugali wa uwele litaukimbia.

Nilichofanya siku ile Arusha ndicho ninachomwambia kila anayeniuliza. Nilifunga mlango, tukakaa wawili ndani, tukaigiza jioni nzima. Mvua inanyesha, viatu vina tope: vinawekwa wapi? Mmoja anapika, mwingine anabadili nguo: nani anasubiri nani? Simu inachajiwa wapi, tochi unaipapasa wapi gizani, ndoo ya haja ndogo inakaa upande gani? Hapo hapo niligundua swichi ya taa iko mlangoni na hakuna nyingine kitandani. Nikapunguziwa elfu hamsini kwa hilo, ingawa fundi wa Dodoma alinifungia nyingine kwa nusu ya hela hiyo.

Bafu halina, nami sikulitaka. Bafu la ndani kwenye tela la mita tatu linakula robo ya nyumba, na maji utayatoa wapi Mgandu? Tangi langu ni la lita 60. Tunaoga kwa kopo nyuma ya turubai, kama tulivyolelewa.

Sasa niseme lililonitia hofu, maana kwenye picha huwezi kuliona. Chini ya kitanda kuna uvungu mkubwa, na uvungu huo uko nyuma ya ekseli, yaani nyuma ya magurudumu. Msimu wa kwanza niliona ni ghala la bure. Nikaingiza ndoo tano za asali. Asali si maji: ndoo ya lita 20 inabeba karibu kilo 28, kwa hiyo nyuma niliweka kilo 140. Kutoka Manyoni mpaka mlima Sukamahela tulikwenda vizuri. Tulipoanza kuteremka kuelekea Kintinku, kwenye ule ukuta wa Bonde la Ufa, tela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kama mbwa anayekufahamu. Halafu likaanza kuivuta pikapu nayo, kushoto, kulia, na mbele yangu lori linapanda. Mdogo wangu akashika dashibodi akasema, "Dada, Mungu wangu." Sikukanyaga breki kwa nguvu, niliachia mafuta taratibu, nikashika usukani bila kushindana nao, likatulia. Tulipofika chini nilisimama, nikakaa kimya kidogo, kisha nikanunua soda ambayo sikuinywa.

Fundi wa gereji moja Kizota ndiye aliyenifungua macho. Shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye pikapu, inatakiwa iilemee pikapu kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote, au kuzidi kidogo. Langu siku ile lilikuwa karibu kilo 980, kwa hiyo shingo ilipaswa kukaa kwenye kilo 100. Mizani ninayo, ndiyo kazi yangu. Tukaweka mzani chini, gogo juu yake, shingo juu ya gogo. Kilo 35. Mzigo wa nyuma ulikuwa unainyanyua shingo kama watoto kwenye pembea ya ubao. Tangu hapo asali inapanda kwenye pikapu, uvungu unabeba blanketi, vyandarua na nguo, na betri nimeihamishia mbele. Mkia haujatikisika tena.

Na hata bila habari ya mkia, asali ilikuwa itoke mle ndani. Usiku mmoja Mitundu ndoo mbili zilikuwa na mifuniko iliyolegea. Saa mbili asubuhi nyuki wa doria walishaunusa ule uvungu, saa tatu walikuwa wamepeleka habari nyumbani. Tulifungiwa ndani na bidhaa yetu wenyewe mpaka mzee mmoja alipokuja na moshi wake. Alichungulia dirishani, akatuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," halafu akauliza kama huu ndio mzinga mpya wa kisasa.

Vumbi ni kesi nyingine. Barabara ya Itigi kwenda ndani, nilikopita mimi, ilikuwa ya udongo na yenye mikunjo kama bati. Tela likikimbia, hewa ya ndani inapungua msukumo, basi kila upenyo unanyonya vumbi. Tulikuwa tukifika unaweza kuandika jina lako kwenye mto. Fundi akapiga magoti, akaonyesha matundu mawili sakafuni karibu na jiko. "Mama, hapa ndipo linapoingilia. Niyazibe na silikoni?" Nilikuwa nimeshamwambia ndiyo, kisha nikakumbuka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni, na matundu yale yamewekwa ili itoke. Ukiyaziba umejitengenezea bomu na ukatandika shuka juu. Tuliyaacha. Nimeweka kipande cha turubai ninachokifunga safarini, mtungi ukiwa umefungwa, na kukifungua tukishasimama. Kisha fundi akatoboa paa na kuweka kofia ya hewa inayotazama mbele, yenye sponji ya kuchuja. Gari likienda inasukuma hewa safi ndani, na vumbi linakosa pa kunyonyewa. Halijaisha lote, lakini mto sasa unalalika.

Nikiwa kwenye hewa: Juni kule ni baridi, na najua mtu atakayefikiria kuingiza jiko la mkaa alale na joto. Usithubutu. Ule moshi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini. Ongeza blanketi.

Makabati ndiyo yaliyoniudhi. Yametengenezwa kwa mbao za unga, zile za kugandamizwa, na skrubu zake zinashika kwenye lami tu. Kwenye mikunjo ya Rungwa droo mbili zilitoka na vijiko vikasambaa, na mlango wa kabati la juu ukaning'inia kwa bawaba moja. Nimempa seremala wa Dodoma atengeneze mengine kwa mbao halisi, yenye komeo za kuzungusha badala ya sumaku. Ukikagua tela la mtumba, vuta kila droo kwa hasira. Afadhali ikukatikie mikononi kwa muuzaji.

Gesi yenyewe ilinisumbua siku mbili. Mtungi uliokuja nalo haukuingiliana na regulata za huku. Nilibadilisha nikaweka mtungi wetu wa kilo 6 na regulata yake, ukakaa vizuri kwenye sanduku la mbele. Umeme sina malalamiko: paneli ya wati 150 na betri moja vinaendesha taa, simu na kifriji cha lita 40 ambacho mdogo wangu amekigeuza kuwa cha soda. Madirisha yana wavu, ila la kichwani wavu wake ulichanika msimu wa kwanza, na mbu wa Bahi tulipolala kule karibu na mashamba ya mpunga walitukumbusha hilo hadi asubuhi.

Kwa lami linavutika vizuri kwa kilomita 80 kwa saa, matuta na rasta unapunguza kabisa, na kwenye vijiji vyenye kibao cha 50 hakuna haja ya kuogopa tochi ya trafiki maana huwezi kwenda mbio hata ukitaka. Mafuta yanaongezeka, hilo lisikushangaze.

Bibi yangu wa Mvumi aliishi kwenye tembe, paa bapa la udongo, chini kiasi kwamba upepo unapita juu bila kujua kuna nyumba. Ndani kila kitu kilikuwa na pahala pake, hata ndama, na usiku aliamka akatembea bila taa asigonge chungu. Ndicho nilichokuwa nakitafuta Arusha na sufuria mkononi, ingawa muuzaji nilimwambia nataka tu kujaribu jiko.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia mpaka seremala amalize yale makabati. Aliahidi Ijumaa, na Ijumaa zimeshapita tatu.