Alpha Protocol: gemu ya kijasusi ambayo kila mtu anakukumbuka, uzoefu wangu

Nimeimaliza tena Alpha Protocol na bado sielewi kwanini haitajwi sana watu wakiongelea gemu za maamuzi. Wengi wanataja zile za kuchagua upande wa wema au upande wa ubaya, unaona kabisa jibu la malaika hili hapa na la shetani hili hapa, unachagua umeshajua utapata nini. Humu hakuna hicho kitu.

Kwa ambao hawaijui, ni ya 2010, Obsidian ndo walioitengeneza na Sega wakaitoa, PC na PS3 na Xbox 360. We ni Michael Thorton, jasusi wa Marekani kwenye kitengo ambacho serikali ikibanwa inakikana, unatumwa Saudia kumsaka Sheikh Shaheed, kiongozi wa magaidi, kwasababu ndege ya abiria imetunguliwa kwa kombora, halafu unakuja kugundua kombora lenyewe limetoka kwa kampuni ya silaha ya hukohuko Marekani inaitwa Halbech, na haohao uliokuwa unawafanyia kazi wanakugeuka. Toka hapo unajitegemea. Kuna Roma, Moscow na Taipei, unaanza na mji unaotaka, na hata huo mpangilio una maana maana watu wa mji wa tatu wanakuwa wameshasikia ulichofanya kwenye ile miwili ya mwanzo.

Kitu kilichonikamata ni maongezi. Mtu anaongea na we hapo hapo chini una mstari wa muda unaisha, lazima uchague kabla hajamaliza, na huchagui sentensi, unachagua namna ya kujibu: kwa maneno matamu na utani, kikazi, au kibabe. Watengenezaji walisema waliwaangalia majasusi wa kwenye filamu na tamthilia, James Bond, Jason Bourne na Jack Bauer, herufi zilezile J na B, na ukicheza unaliona hilo kabisa. Hakuna muda wa kukaa ufikirie, na seivu zinajiweka zenyewe sehemu maalum tu, kwahiyo ile tabia yetu ya kuseivu kabla ya kila jibu halafu kurudi nyuma ikienda vibaya inakufa siku ya kwanza. Ukishatamka umetamka.

Halafu kila mtu ana anachopenda. Sie, yule mama Mjerumani mamluki wa Moscow, ukimjibu kwa upole kama karani anakudharau. Steven Heck wa Taipei, anayedai ni wa CIA, huyo ni chizi na anataka chizi mwenzie. Mina Tang anayekuongoza kwenye simu yeye ukiua watu ovyo anakasirika, na Moscow kuna mishen ya kuingia ubalozi wa Marekani ambayo hapo ndo utajua kama ulikuwa unamsikiliza, wale wanajeshi mlangoni ni wa nchi yako, unaweza ukaongea nao ukapita, unaweza ukawalaza kwa risasi za usingizi, au unaweza ukawamaliza halafu ukasikie mwenyewe atakavyokuongelesha. Gemu haisemi uko sahihi au umekosea. Kwenye takwimu zako lakini wanakuhesabia mpaka watoto uliowaacha yatima, hiyo mara ya kwanza nilicheka, ya pili sikucheka.

Sasa hapa ndo penye utamu wenyewe, kuchukiwa nako kunalipa. Gemu nyingi ukimuudhi mtu umepoteza, humu ukimuudhi unapata faida nyingine tofauti, hata huyo anayekuongoza kwenye mishen anakupa bonasi akikupenda na anakupa nyingine asipokupenda. Mfano mzuri ni Marburg, adui wako kule Roma. Huyu mzee ni makini sana, mambo yakimuendea kombo anaondoka zake na utakutana naye mbele huko, ila ukiwa umekusanya habari zake za zamani na ukamchefua vya kutosha, hasira zinampanda anabaki mmalizane pale pale. Yaani umeshinda kwa kumtukana mtu, lakini kumtukana kwa utafiti! Ndo maana faili za watu ni muhimu kuliko bunduki, unasoma imeili, unahaki (unadukua) kompyuta, unanunua taarifa kwenye soko la siri kabla ya mishen, kila habari inaweza kuja kukufungulia jibu ambalo mwenzio anayekimbilia kupiga risasi hatalijua kabisa kwamba lipo.

Shaheed mwenyewe mwanzoni pale unaweza kumuua, kumkamata au kumwachia. Kumuua ndo kunaonekana kawaida maana ndo ulichotumwa, ila ukimwachia unabaki na mtu anayejua mengi kuhusu Halbech, na baadaye unaona faida yake. Na kuna Roma kwenye makumbusho, (kama hujacheza ruka mistari hii) Madison, dada uliyekutana naye humo Roma, ametekwa na mabomu yanataka kulipuka kwenye watu, unaokoa mmoja au unaokoa wengi, hakuna ujanja wa kupata vyote, na nachopenda ni kwamba baadaye hilo swali linarudi kwenye midomo ya watu wengine, kila mmoja na maoni yake. Stori yote inasimuliwa Thorton akiwa amekaa mbele ya Leland, bosi wa Halbech, anahojiwa, na mnajibizana kuhusu uliyoyafanya. Mwishoni unaweza hata kwenda upande wake.

Sitawadanganya kuhusu mapigano. Ndo sehemu mbovu. Bastola unamlenga mtu kichwani kabisa na risasi inapita pembeni kwasababu pointi zako za ujuzi wa bastola ni chache, maadui mara vipofu mara wanaona kupitia ukuta, na ile ya kuhaki kompyuta kutafuta herufi zilizotulia kati ya zinazocheza inaumiza macho. Brayko, yule mhuni wa Moscow anayeishi kama miaka ya themanini haijaisha, pambano lake linakera mpaka unataka kuzima. Wakaguzi wa 2010 waliichana sana na kwa upande huo sina cha kuwabishia, ila wengi waliipima kama gemu ya kupiga risasi na hapo ndo walipoikosa.

Ukitaka kuicheza leo, kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, iliondolewa 2019 sababu haki za muziki ziliisha, ila GOG, duka jingine la mtandaoni, waliirudisha Machi 2024. Weka pointi za ujuzi kwenye bastola na kunyata, hizo bunduki nyingine achana nazo, na msisome mtandaoni nani anapenda nini, mtajiharibia. Kama mna roho ngumu, pale mwanzo mnapochagua historia ya Thorton anzeni na Recruit, unaanza huna pointi hata moja na Thorton anaonekana mgeni wa kazi kweli, ila ukiimaliza hivyo inafunguka historia nyingine ya Veteran, ambayo inakupa pointi kibao mwanzoni pamoja na majibu mapya kwenye maongezi, na jinsi wanavyomshangaa huyo Thorton mzoefu kwenye mahojiano ya kwanza tu, mi nilirudia kuicheza kwa ajili ya hiyo.