Picha ya Kaidan mezani: uzoefu wangu na Mass Effect Legendary Edition

Nilinunua hili gemu ili nipige risasi angani. Nimeishia kubishana na mama mdogo kuhusu eda.

Nianze na kinachouma mfukoni: kwenye kompyuta linataka nafasi ya gigabaiti 120. Hapa Sinza nililishusha usiku kwa usiku, laptopu ikiwa juu ya stuli dirishani, maana ndipo mtandao unaposhika. Ila humo ndani kuna magemu 3 ya BioWare, la 2007, la 2010 na la 2012, yaliyong'arishwa na kutolewa pamoja mwaka 2021. Sevu yako inahama kutoka moja kwenda jingine, kwa hiyo uliyempenda kwenye la kwanza anakukumbuka hadi la tatu. Utamu wote uko hapo, na maumivu pia.

Nilicheza Shepard wa kike (Shepard ndiye kamanda wa meli unayemwendesha), nikampenda Kaidan, mwanajeshi wa kikosi chake. Mpole, haongei ovyo. Kule kwenye sayari ya Virmire unalazimika kuamua nani aachwe afe, yeye au mwanajeshi mwenzake Ashley. Sikuwaza mara mbili (Ashley, nisamehe dada).

Gemu la pili linaanza kwa kukuua. Meli inalipuliwa, unakufa, halafu shirika la Cerberus, lenye sifa mbaya, linakufufua baada ya miaka 2. Kwako wewe mwenye padi hizo ni dakika chache tu. Unamkuta Kaidan kwenye koloni la Horizon, anakukumbatia, kisha anawaka: kumbe ulikuwa hai, na uko na watu hawa? Anaondoka zake. Baadaye anatuma ujumbe wa kuomba radhi, na humo anagusia kwamba marafiki walimshawishi atoke na daktari mmoja. Nikanuna.

Mama mdogo alikuwa kwenye kochi anachambua mchele. "Huyo si ndiye mumeo wa juzi?" Nikamsimulia. Akaweka ungo chini kabisa. "Kwani si alijua umekufa? Mwanamke mwenyewe anakaa eda miezi 4 na siku 10, wewe mwanangu unamnunia mwanamume aliyekaa miaka 2?"

Nikakosa la kujibu. Lakini kwa ukaidi nikaamua kutulia na Kaidan hivyo hivyo. Garrus, mwenzangu wa melini anayependeka pia, nikamkalisha kwenye urafiki, Thane vilevile. Sasa, usiku wa mwisho kabla ya safari ambayo hakuna mwenye uhakika wa kurudi, waliopata wapya wanagongewa mlango. Mimi nilibaki na fremu ya picha ya Kaidan iliyo mezani chumbani kwa Shepard. Anaitazama, basi. Hakuna anayekupongeza kwa uaminifu wako. Ilikuwa saa 8 usiku, feni inazunguka, na mimi koo limenikaba kwa ajili ya kapicha.

Nikarudia gemu zima na Garrus. Alikuja na chupa ya mvinyo na muziki, maneno yanamgongana mdomoni, nikacheka peke yangu. Kisha nikaiona ile fremu. Imelazwa kifudifudi. Hakuna aliyenitangazia, hakuna aliyenilaumu. Nimeikuta tu hivyo, kama mtu alipita akaifunika ili sote tusiaibike. Sijaona gemu jingine linalosema mengi hivyo kwa kitu kidogo namna hiyo.

Kwenye la tatu Kaidan anaumizwa vibaya huko Mars, analazwa hospitali ya Huerta. Nilimnunulia wiski nikampelekea, ingawa nilikuwa na Garrus. Kwenda kumwona mgonjwa uliyemwacha, mikono haijui ikae wapi, wengi tunakujua huko.

Panaponiudhi ni kwa Jacob, mwingine unayeweza kumpenda kwenye gemu la pili. Nilimjaribu mzunguko wa tatu. Shepard anazuiliwa duniani kama miezi 6, ukitoka unamkuta bwana yuko na Dkt. Brynn Cole, na mtoto yuko njiani. Huyu hakumzika mtu wala hakupewa taarifa ya msiba! Kuchepuka si tatizo, watu wanachepuka. Tatizo ni kwamba hakuna ulichofanya wala ambacho ungeweza kufanya kuzuia hilo, na kisa chenyewe hakijapewa uzito waliompa Kaidan.

Mapigano ya gemu la kwanza bado ni mazito mazito, vumilia. Bei, subiri punguzo.

Mdogo wangu anataka nilifute apate nafasi ya gemu lake la mpira. Sevu ya Garrus nimeimaliza. Ile ya Kaidan imesimama mlangoni mwa wodi, na chupa sijampa bado.